Boti ya kasi yenye injini ya nje ikikata kona: kwa nini tezi (sehemu ya nyuma) hutaka kuitangulia omo (sehemu ya mbele)?

#1 – Mkata Maji (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, uzi huu nimeuahirisha kwa miaka kadhaa, kwa sababu kila nilipoeleza yaliyonipata nilipewa jibu lile lile, kwamba nilikuwa naenda mbio mno. Jibu hilo si la uongo, ila halielezi chochote. Nimekwisha kukata kona nyingi kwa mwendo mkubwa kuliko ule na boti ikanitii, na nimewaona wenye boti za polepole kuliko yangu wakizungushwa kama pia.

Siku yenyewe maji yalikuwa yametulia kabisa. Boti ilikuwa ya mita 5 na nusu, tumbo la umbo la V, injini ya nguvu farasi 150, na rafiki yangu mmoja alikuwa amekaa kiti cha kushoto. Nilikuwa nimeiinua trimu, yaani pembe ya kuinamia kwa injini, hadi omo ikawa nyepesi na boti ikawa inagusa maji kwa kipande kidogo tu cha nyuma. Kipimo kilisoma kilomita 84 kwa saa. Nikaanza kugeuza kulia. Boti ikalala vizuri, kisha nikasikia injini ikinguruma ghafla, mngurumo mkavu kama wa gari lililochomoka gia. Rafadha, yaani panga la injini linalosukuma maji, ilikuwa imemeza hewa. Nikashtuka, nikafunga mafuta yote kwa mkupuo mmoja. Omo ikashuka, na kabla sijauondoa mkono kwenye wenzo wa mafuta tezi ilikuwa imekwisha kuzungukia mbele kwa upande wa kushoto, rafiki yangu yuko majini, mimi nimeng'oka kitini, na boti inakwenda kinyumenyume huku maji yakimiminika ndani kwa kuupita ubao wa tezi. Alikuwa amevaa jaketi okozi, na kamba ya kuzimia injini ilikuwa imefungwa pajani mwangu, ndiyo maana leo naandika habari ya mshtuko na si ya msiba.

Tangu siku hiyo nimewauliza mafundi, nimejaribu mengi kwa mwendo mdogo, na nimefikia hoja moja ninayotaka tuijadili: kona nyingi zinazoharibika huwa zimeharibika kabla usukani haujageuzwa, kwa jinsi trimu, uzito na injini vilivyokuwa vimepangwa, na mkono wa mafuta huja kumalizia tu.

Tuanze na kinachoishika boti isiende pembeni. Gari lina matairi manne yaliyotawanyika mbele na nyuma. Boti iliyokwisha kupanda juu ya maji haina kitu cha namna hiyo. Inashikwa na sehemu ya tumbo iliyolowa, pembe ya ubavu wa ndani iliyozama inapolala, na pezi pamoja na nyumba ya gia za injini zilizo chini ya maji nyuma kabisa. Maadamu mshiko huo wote uko nyuma ya kitovu cha uzito, boti hujinyoosha yenyewe, kama mshale unavyonyooshwa na manyoya yaliyo mkiani. Sasa shusha omo katikati ya kona. Sehemu iliyolowa inasogea mbele, makali ya V yanachimba maji mbele ya kitovu cha uzito, na wakati huohuo tezi inakuwa nyepesi na pezi linapungukiwa na maji ya kushika. Hapo umeuvisha mshale manyoya kichwani. Mshale wa namna hiyo hauwezi kwenda mbele. Lazima ugeuke, na boti nayo hugeuka kwa sababu tezi, yenye injini ya zaidi ya kilo 100 iliyoning'inia, bado inataka kuendelea na safari yake.

Injini ya nje ina udhaifu wa ziada katika jambo hili, kwa kuwa rafadha ndiyo msukumo na ndiyo usukani pia. Ikiwa imeinuliwa kwa trimu, msukumo wake ndio unaosaidia kuibeba omo juu. Kwa hiyo ukifunga mafuta ghafla unapoteza vitu viwili kwa tendo moja: kinachoibeba omo, na sehemu kubwa ya nguvu uliyokuwa ukiielekezea tezi.

Ningependa kusikia kutoka kwa wenye uzoefu, hasa mafundi.

#2 – Pwani Njema

Pole sana, Mkata Maji, na tunashukuru kwamba rafiki yako yu hai. Maelezo ya mshale nimeyaelewa. Lakini nimeshuhudia ajali iliyokuwa tofauti kabisa na hiyo. Boti haikuzunguka, iliteleza ubavu kuelekea nje ya kona, ikadunda mara mbili tatu, kisha ikanasa na kuwarusha watu upande wa nje kama punda anavyomtupa mpandaji. Je, hilo nalo ni la omo kushuka?

#3 – Mkata Maji

Hapana, ndugu Pwani Njema, hilo ni tatizo jingine, na ni vizuri umelitenganisha kwa sababu dawa zake si zile zile. Yangu ilikuwa omo kushika mno. Uliyoiona wewe ni boti yote kukosa mshiko, kisha kuupata kwa ghafla mahali pabaya.

Boti yenye tumbo la V lenye mwinuko mkubwa, tuseme nyuzi 24 kwenye ubao wa tezi, hulala kuelekea ndani ya kona, na kulala huko ndiko kunakoligeuza tumbo kuwa ukuta wa kuyasukuma maji kando. Boti ya tumbo bapa hailali sana, kwa hiyo haina ukuta. Inateleza kama sahani juu ya meza iliyolowa. Ikiendelea kuteleza ubavu kwa ubavu, pembe ya ubavu wa nje huwa ndiyo inayotangulia. Ikikutana na wimbi dogo, hata wimbi lililoachwa na boti hiyohiyo ilipopita mara ya kwanza, pembe inazama na kushika, sehemu ya chini ya boti inasimama, na sehemu ya juu pamoja na waliomo inaendelea. Ndiyo maana baadhi ya waundaji huikata pembe hiyo kwa mshazari, ili ikigusa maji ipande juu yake badala ya kuchimba.

Kudunda ulikokuona kabla ya kurushwa kulikuwa ni onyo. Boti ilikuwa inashika, inaachia, inashika tena. Dereva aliyezoea hufungua usukani kidogo, yaani huurudisha kuelekea katikati, anaposikia mdundo wa kwanza, na mafuta huyapunguza taratibu, si kwa kuyafunga.

Kwa wanaopenda hesabu: nguvu inayotakiwa kuelekezwa ndani ya kona huongezeka kwa mraba wa mwendo. Katika duara lenye nusu kipenyo cha mita 50, boti inayokwenda kilomita 60 kwa saa inahitaji mshiko wa pembeni unaokaribia asilimia 57 ya uzito wake. Kwa kilomita 80 mshiko unaohitajika ni sawa na uzito wote wa boti, na kwa kilomita 100 unazidi mara moja na nusu ya uzito huo. Dereva anaona kwamba ameongeza mwendo kidogo tu. Maji yanadaiwa karibu mara tatu ya yale ya mwanzo.

#4 – Fundi Rafadha

Nimezifanyia kazi injini za nje kwa muda mrefu, kwa hiyo naomba niongeze upande wa karakana, kwa kuwa mengi anayoyasema ndugu Mkata Maji huanza kwetu.

Mtu ananijia akitaka mwendo zaidi. Njia rahisi ni kuipandisha injini kwenye ubao wa tezi, au kumfungia kiinulio kinachoisogeza juu na nyuma, kwa sababu kadiri nyumba ya gia inavyozama kidogo ndivyo inavyoburuta maji kidogo, na boti kweli inaongeza kilomita kadhaa. Anafurahi, anakwenda zake. Jambo ambalo hakulipima ni kwamba alipima akiwa ananyoosha. Katika kona boti inalala, tezi inateleza kidogo kwenda nje, na rafadha iliyokuwa imebakiza kina kidogo tu cha maji juu yake inavuta hewa kutoka juu. Hewa ikiingia kwenye mabawa, rafadha inazunguka bure, mshiko wa tezi unaondoka, na ndipo ule mngurumo mkavu unaposikika. Mimi humshauri kila mwenye kiinulio cha umeme ashushe injini kabla ya kona, si ndani ya kona.

Rafadha yenyewe ina neno lake. Yenye mabawa matatu mara nyingi hutoa mwendo wa juu zaidi. Yenye mabawa manne huyashika maji vizuri zaidi boti inapolala, kwa kupoteza mwendo kidogo wa mwisho. Ukingo wa nyuma wa bawa ukiwa umekunjwa kidogo kama mdomo wa kijiko, rafadha huvumilia hewa zaidi kabla ya kuachia. Nikimwona mtu anakata kona nyingi, kwa mfano anayevuta watelezaji wa maji, sioni sababu ya kumpa mabawa matatu.

Sasa usukani. Itoeni boti majini, mwenzako aushikilie usukani usitikisike, wewe simama nyuma ulishike pezi kwa mikono miwili na ulisukume kushoto na kulia. Likicheza kabla mwenzako hajahisi chochote mkononi, una ulegevu, na ulegevu huo kwa kilomita 90 kwa saa ni injini inayojigeuza yenyewe. Nimeona pezi likicheza upana wa vidole viwili na mwenye boti akiapa kwamba usukani wake ni mzima. Waya wa kawaida haufai kwa boti ya kasi. Inahitaji usukani wa mafuta ya mgandamizo, na boti kali zaidi hufungwa mitungi miwili, mmoja kila upande wa injini, ili kusiwe na nafasi ya kucheza.

#5 – Bahari Tulivu

Naomba kupinga kidogo. Mwalimu wangu wa kwanza alinifundisha: ukikaribia kona, shusha trimu mpaka mwisho, kisha geuza. Nimekuwa nikifanya hivyo, na mwezi uliopita boti yangu ilizunguka kama ya mwanzisha uzi, tena bila mimi kuyagusa mafuta. Kwa hiyo ama mwalimu alikosea ama hoja ya mafuta haijakamilika.

#6 – Mkata Maji

Ndugu Bahari Tulivu, nakushukuru kwa dhati, kwa sababu umegusa mahali ambapo na mimi niliwahi kupotea baada ya ajali yangu. Kwa kuogopa trimu ya juu nikakimbilia trimu ya chini kabisa, na nikagundua kwamba nimehama kutoka shimo moja kwenda jingine.

Trimu ikishushwa mpaka mwisho, rafadha inaisukuma tezi juu na omo chini. Kwa mwendo mdogo ushauri huo ni mzuri, maana boti inalala vizuri na rafadha iko ndani ya maji. Kwa mwendo mkubwa unafanya kwa trimu kile nilichokifanya mimi kwa kufunga mafuta: unailaza omo majini kabla ya kuanza kugeuza, na boti inaanza kuongozwa na omo yake. Dalili yake utaijua mkononi. Usukani unakuwa mzito, boti inaanza kuwinda kushoto na kulia hata ukiwa unanyoosha, na maji yanayoruka ubavuni, ambayo kwa kawaida hutokea karibu na kiti chako au nyuma yake, yanahamia mbele yako. Mimi huyaangalia hayo maji kuliko ninavyoangalia kipimo chochote. Yanapotokea mbele ya kiti, sigeuzi kwa nguvu hata iweje.

Kwa hiyo mwalimu wako hakukosea kwa boti aliyokuwa nayo. Huenda ilikuwa ya nguvu farasi 40. Ninavyofanya sasa ni kupunguza mwendo nikiwa bado nimenyoosha, kuiacha boti itulie kwenye mwendo huo mpya, kuishusha trimu kiasi kwamba omo isipepee na isichimbe, kugeuza usukani kwa mfululizo bila kuukwapua, na kuyaongeza mafuta kidogo kidogo kona ikiendelea ili omo ibebwe. Trimu naigusa tena boti ikishanyooka. Ukiona nimezungumza sana juu ya kuyafanya haya kabla ya kugeuza, ni kwa sababu ndani ya kona yenyewe mtu hana muda. Yangu mimi ilikwisha kabla sijauondoa mkono.

Kuna jambo katika kanuni za Marekani za boti ndogo ambalo limenifikirisha. Zina jaribio la kona ya ghafla, ambapo dereva huendesha akiwa amenyoosha, kisha huuzungusha usukani nyuzi 180 ndani ya nusu sekunde bila kugusa mafuta wala trimu, na boti huhesabiwa imefaulu ikikamilisha kona ya nyuzi 90 bila kupoteza udhibiti. Ni jaribio zuri. Lakini angalieni: mafuta hayaguswi. Binadamu aliyeshtuka huyagusa, tena huyafunga, kwa hiyo boti iliyofaulu jaribio hilo bado inaweza kumzungusha mwenyewe.

#7 – Pwani Njema

Na vipi wale wa mashindano, ambao huizunguka boya kwa kasi ya kutisha na boti haifanyi lolote?

#8 – Fundi Rafadha

Ndugu, hizo ni boti za aina nyingine. Boti za mashindano ya Formula 1 ya majini zina matumbo mawili membamba yaliyoachana, na hewa inapita katikati na kuibeba boti. Hazilali katika kona. Zinageuka zikiwa zimekaa sawa, kwa sababu kuta za ndani za matumbo hayo mawili zinafanya kazi ya mapezi, na dereva amefungwa mikanda ndani ya kichumba imara. Anayejaribu kuiga kona hiyo kwa boti ya V yenye viti vya wazi anaiga picha tu.

Niongeze la boti zinazozidi kilomita 120 kwa saa. Huko nyumba ya gia ya kawaida, yenye pua butu, hufika mahali ambapo maji yanayopita upande wake mmoja yanageuka mapovu ya mvuke kwa kushuka kwa mgandamizo. Upande huo unaacha kushika kwa mara moja na tezi inaruka pembeni bila onyo lolote, hata kama hukuwa umegeuza sana. Ndiyo sababu injini za kasi hufungwa nyumba yenye pua nyembamba, iliyochongoka, yenye matundu ya kuvutia maji ya kupoozea yaliyo chini zaidi.

#9 – Mtoto wa Mvuvi

Nimesoma kwa makini. Boti yangu ni ya mitumba, na kona ya kushoto ni nzuri lakini ya kulia inanitisha, omo inavuta. Trimu ni ya wastani na usukani nimeukagua kama fundi alivyoelekeza, hauchezi. Nitazame wapi?

#10 – Mkata Maji

Mdogo wangu, anza na ngama. Maji yaliyobaki chini ya sakafu ni uzito usiokaa mahali pamoja. Lita 40 ni kilo 40, na ukipunguza mwendo zinakimbilia omo kwa pamoja, yaani wakati uleule usiozitaka huko. Halafu tazama ulikoweka betri, nanga na matangi. Watu wengi huhamishia vitu mbele ili boti ipande haraka, kisha wanasahau kwamba wamekisogeza mbele kitovu cha uzito pamoja na sehemu iliyolowa. Tazama pia upande ambao abiria wako hukaa.

Ukishamaliza hayo, iweke boti juu, lala chini yake na rula iliyonyooka ya mita moja na nusu. Iegemeze tumboni kuanzia ubao wa tezi kwenda mbele, kwanza karibu na mkuku (uti wa katikati ya tumbo), kisha kila upande. Mulika tochi nyuma ya rula. Mwanga ukipenya katikati wakati ncha zote mbili zinagusa, tumbo limebonyea kwenda ndani, na sehemu ya nyuma ya mbonyeo huo inaisukuma tezi juu na omo chini muda wote unapoendesha. Milimita chache zinatosha kwa mwendo mkubwa. Boti zilizokaa miaka mingi juu ya trela lisilozishika vizuri hupata mbonyeo huu, na mara nyingi upande mmoja huwa umezidi mwingine, jambo ambalo lingeeleza kwa nini unaogopa kulia na si kushoto.

#11 – Bahari Tulivu

Nimefanya kama ulivyoelekeza, trimu ya kati badala ya mwisho, na nimeyatazama maji ya ubavuni. Ni kweli, siku ile yalikuwa mbele yangu na sikujua yananiambia nini. Swali langu la mwisho: omo ikianza kushika nikiwa tayari ndani ya kona, nifanye nini?

#12 – Mkata Maji

Fungua usukani kwanza, nusu ya ulichokigeuza, uyape yale manyoya ya mshale nafasi ya kurudi nyuma. Mafuta uyaache yalivyo au uyaongeze kidogo ikiwa rafadha bado imeshika. Ikiwa inanguruma kwa hewa, yapunguze taratibu mpaka ishike tena, kisha uyarudishe. Usiuachie usukani hata kidogo, kwa sababu rafadha ya boti ya kasi huuvuta upande mmoja, na usukani ulioachiwa huenda ukaufunga mwenyewe ule mgeuko uliokuwa ukijaribu kuufungua. Na ifunge ile kamba ya kuzimia kabla ya kuwasha. Marekani wameifanya kuwa sharti la kisheria kwa boti za starehe zilizo chini ya futi 26 tangu tarehe 1 Aprili 2021, kwa kuwa boti iliyomtupa dereva wake ikiwa bado inaendelea huzunguka na kumrudia palepale alipoangukia.

#13 – Mtoto wa Mvuvi

Kaka, nimepima. Ngama ilikuwa na ndoo tatu za maji. Rula imekaa sawa upande wa kushoto. Upande wa kulia, kiasi cha sentimita 40 kutoka ubao wa tezi, mwanga unapenya na ukucha wa kidole gumba unaingia. Maji nimeyatoa, na mpaka tumbo lijazwe na kunyooshwa sitavuka kilomita 45 kwa saa nikigeuza kulia.

#14 – Fundi Rafadha

Hakikisha anayejaza analijaza kwa kufuata rula kutoka ubao wa tezi hadi angalau mita moja na nusu mbele, na ukingo wa nyuma auache mkali, asiuviringishe, maana ukingo ulioviringika huyavuta maji yapande nyuma yake na boti itaanza kupiga omo juu na chini. Trela nalo lirekebishwe kabla boti haijarudi juu yake.

#15 – Mtoto wa Mvuvi

Nimeelewa, fundi. Trela ndilo nililolianza leo asubuhi. Roli ya nyuma kulia ilikuwa imesogea na kulibeba tumbo peke yake, mahali palepale penye mbonyeo.